Kitabu cha Ndege na Mwanamke wa Karavia

Mtasema ni uzee. Mtasema mjane akikaa peke yake muda mrefu huanza kuona vitu. Semeni. Mimi nimefundisha biolojia miaka mingi hapa Lubumbashi, sikuzoea kusimulia nisichokiona, na hiki nilikiona kwa macho haya, jua likiwa bado halijazama.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Mke wangu Kapinga alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, watoto wako mbali, nami nilibaki mtaani Makomeno na nyumba ya vyumba vinne. Kuna siku jioni ilifika nikagundua sijasikia hata sauti yangu mwenyewe tangu asubuhi. Unaijua hali hiyo? Kama huijui, mshukuru Mungu.

Basi mkuu wa shule nilikofundisha zamani akaniletea kitabu cha kutambulisha ndege, cha Kifaransa, picha za rangi kila ukurasa. Aliomba nikijaribu wiki moja, kisha nimwambie kama kinafaa kununuliwa kwa ajili ya wanafunzi. Nadhani alinionea huruma tu, alitaka nitoke nyumbani. Nikakubali.

Kila alasiri nilichukua teksi hadi Karavia, nikakaa kwenye jiwe kando ya ziwa, karibu na matete, daftari magotini. Kitabu nilikipima bila upendeleo. Picha za nyange na mdiria zilikuwa sahihi kabisa. Wale ndege wadogo wa kahawia walinichosha, wote wanafanana. Sauti zao kitabu kilizieleza kwa herufi, trii, tsii, jambo lisilomsaidia mtu yeyote. Lakini mwanzoni mwa kitabu kulikuwa na shauri nililolipenda: usianze na rangi, kwa kuwa mwanga wa jioni hudanganya, anza na miguu. Nikalipigia mstari.

Siku ya tano nilisikia ndani ya matete ndege nisiyemjua. Milio miwili, wa pili ukishuka, kama mtu anayeita kwa upole. Nikapekua kurasa zote, sikumpata. Nilipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama ukingoni, hatua kama kumi kutoka kwangu, amejifunga nguo nyeupe hadi chini.

“Moyo, baba,” akanisalimia, salamu yetu sisi watu wa Kasai. Tangu mazishi hakuna aliyenisalimia hivyo.

Niamini, sikuogopa. Nilifurahi. Akauliza natafuta nini, nikamweleza habari za kitabu. Akasema kitabu kile kinajua majina tu. Akaanza kunionyesha ndege waliokuwa ziwani, mmoja mmoja: huyu amefiwa na mwenzake, yule atahama kabla ya mvua. Kisha akauliza habari zangu, na mimi, mzee mzima, nikamwambia yote. Ugonjwa wa Kapinga. Sahani moja mezani. Simu za watoto zinazokatika katikati ya maneno. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja, bila kupepesa macho hata mara moja. Wakati ule niliona ni heshima.

Jua lilipogusa miti ya ng'ambo, akaninyooshea mkono nimfuate.

“Kuya, baba. Kule ng'ambo tuko bengi. Kwetu hakuna muntu anakulaka peke yake.”

Nikasimama, nikamfuata kuelekea majini. Ni mazoea ya wiki ile tu yaliyonifanya nitazame chini. Alikuwa ameinua nguo yake ili asiilowanishe. Miguu ilikuwa myeusi, myembamba kama fimbo, na kwenye tope alilolikanyaga mlikuwa na alama za vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kirefu kuliko kidole changu cha mkono.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata padri. Niliiona miguu ile, nikaelewa, na bado nikapiga hatua mbili zaidi.

Maji yakaingia kwenye viatu. Ile baridi ndiyo iliyonizindua. Nikamwambia taratibu kwamba mimi nabaki. Akanitazama, na haikuwa hasira niliyoiona usoni pake, ilikuwa huzuni.

“Sasa utabakia na nani?” akauliza.

Akaingia kwenye matete, wala hayakutikisika.

Kitabu nilikirudisha kesho yake. Nilimwambia mkuu wa shule kinafaa, akinunue, ila wanafunzi wasiende Karavia mmoja mmoja. Mimi sijarudi kule tena. Lakini jioni nyingine, huku Makomeno ambako hakuna ziwa wala tete, huwa nasikia milio ile miwili nyuma ya ukuta. Nikiisikia, natoka mlango wa mbele, naenda kwa jirani yangu fundi cherehani na mkewe, nakaa nao mpaka bukari, ugali wetu wa huku, inaivishwa na kuliwa. Wameshanizoea, hawaniulizi kitu.

Basi nawe, kama una upweke, usikae kando ya maji jioni, na anayekusikiliza vizuri kupita kiasi mtazame miguu kwanza. Na kama upweke si wako, lakini karibu nawe kuna nyumba yenye mtu mmoja, usingoje sikukuu. Mwite leo aje kula, kabla hajaalikwa na wengine.