Nilikimbia Bunia nikiimba, ili majirani wasikimbie pamoja nami

Wakuu, salamu toka Bunia.

1972, nikiwa na miaka kumi na tatu. Hapo ndipo shida ilinikamata shingo. Baba alikufa kule kwetu Mahagi, nikaacha masomo mwaka wa tatu wa primeri, nikashuka ziwani kutafuta kula.

Kalamu haikunizoea, kwa hiyo maneno yakipinda nyoosheni wenyewe. Lakini ni kweli tupu. Mashahidi wengine wangali hai hapa mtaa wa Shari, waulizeni.

Naandika kwa sababu nasoma humu vijana wanalia hivi: "Motisha imeisha. Nilianza jogging wiki moja nikaacha. Nimenunua viatu vizuri, vinalala chini ya kitanda."

Siwacheki. Mimi pia niliacha. Na nilipoacha, mguu ulikuwa unaniondoka.

Bon. Tuanze.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupeleka samaki ya chumvi toka Kasenyi, ku ziwa, mpaka Bunia. Kwa baiskeli. Anayeijua njia ile anajua ni mlima tu. Baiskeli haikuwa ya kupanda, ilikuwa ya kusukuma.

Miaka ile nilikuwa na miguu kama mipini ya jembe. Hakuna aliyeniambia nifanye sport. Njaa ndiyo ilikuwa kocha.

Nilisukuma miaka, nikapata meza sokoni. Meza ikawa butiki, duka lenye mlango. Butiki ikazaa kamionete, gari la kubeba mizigo. Hakuna mjomba aliyenisaidia, hakuna serikali. Mimi.

Siku kamionete ilipofika, miguu yangu ikaenda konje, yaani likizo. Hata kanisani, mwendo wa kumaliza kukohoa, nilienda na gari.

Na kula sasa! Asubuhi mikate na chai tamu kama asali. Saa sita bugali mlima mzima, na mbuzi anaogelea ndani ya mafuta ya mawese. Jioni bia na nyama ya kuchoma.

Tumbo likatoka. Watu wakanisifu: "Patron, Mungu anakuona!" Bunia ya wakati ule, tumbo lilikuwa kitambulisho. Mwenye tumbo hakuulizwa maswali.

1984 nikaanza kunywa maji kama ng'ombe. Nakunywa, natoka nje, narudi nakunywa. Miguu ikawa kama imevaa soksi, na sijavaa kitu.

Siku moja nimerudi toka butiki, mke wangu akanivua viatu. Akainua mguu mmoja akaukagua. Halafu akauliza:

"Baba Ukumu, hii damu ni ya nani?"

Msumari ulikuwa umepita soli ukaingia mguuni. Nilitembea nao mchana mzima, sikusikia kitu.

Tukaenda hospitali. Muganga akapima, akasema sukari iko mu damu. Kisha akanipeleka kwenye kitanda kimoja. Nikamkuta mfanyabiashara wa Niania niliyekuwa nakunywa naye bia. Mguu wake umekatwa chini ya goti. Akageuza uso ukutani.

Muganga akaniambia: "Patron, huyu pia alikuwa na kamionete."

Akanirudisha kwenye kiti chake, akaendelea:

"Dawa nitakupa. Lakini dawa peke yake ni kukausha maji na nyumba ingali inavuja. Punguza sahani. Acha bia. Kidonda kikifunga, kila asubuhi tembea, halafu kimbia."

"Mimi mutu mukubwa, nikimbie nini?"

"Kimbia kisu yangu."

Basi kidonda kikafunga. Nikatembea kwanza. Halafu asubuhi moja, kabla jua halijatoka vizuri, nikavaa viatu vya misa (sikuwa na vingine vya kufunga), nikatoka mbio.

Hapa muelewe kitu. Mji wetu uliona uasi wa miaka ya sitini. Watu walijifunza: ukiona mtu mkubwa anakimbia, usiulize. Beba mtoto, fuata.

Sikufika mbali. Nyuma yangu nikasikia miguu mingi. Jirani yetu Mama Ngabu akanifikia, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, anahema.

"Patron! Wamefika wapi?"

"Nani?"

"Hao wenye unakimbia!"

"Sikimbii mutu, mama. Nakimbia sukari."

Akasimama katikati ya njia. "Sukari? Siye tunaitafuta butiki zote tunaikosa, weye unaikimbia?"

Nyuma yake nusu ya mtaa. Mmoja na godoro. Mwingine anavuta mbuzi. Muzee mmoja na redio yake tu, mke kamwacha nyumbani (huyo alipata kesi yake mwenyewe).

Nilitukanwa siku ile, wakuu. Kwa lugha zote za Ituri.

Shefu wa mtaa akaniita. Enzi zile za Zaire tulikuwa tunaitana sitwayen, yaani raia. Akaniambia: "Sitwayen, mukubwa akikimbia, wadogo ni lazima wakimbie. Utaua wazee na roho ya kushtuka."

Nikamweleza habari ya mguu. Nikamweleza yule wa Niania. Akafikiri sana, maana hakuwa mtu mbaya.

"Basi, kimbia ukiimba," akasema. "Mwenye anakimbia vita haimbi."

Mimi? Patron mzima, niimbe barabarani kama mlevi? Nikakataa.

Nikakimbia ndani ya ua wangu, nazunguka kama mbuzi wa kamba. Siku ya kwanza sawa. Ya pili kizunguzungu. Halafu mvua ikawa sababu, halafu wateja wakawa sababu, halafu nikaacha kutafuta sababu. Vijana, mnaona? Ni ninyi hawa hawa.

Miguu ikarudi kuvaa zile soksi.

Mke wangu hakunigombeza. Alikuwa anasugua mguu wangu na maji ya vuguvugu, akasema polepole: "Kuimba inakuletea haya. Kutembea na mguu moja, haitakuletea?"

Kesho yake nikaimba.

Sauti yangu ni ya kuita wateja, si ya kwaya. Nilichagua wimbo wa misa, ule wa mmoja kuanza na wengine kuitika Aleluya. Nyumba ya pili pumzi ikaisha. Nikatembea, nikavuta hewa, nikaanza tena. Wanawake waliokuwa wanaenda kuchota maji wakacheka mpaka ndoo zikalia. Halafu mmoja akaitika: "Aleluya!" Kwa kunicheka, lakini akaitika.

Polepole mtaa ukazoea.

Na siri yenyewe iko hapa, wakuu. Siku moja nikalala, mwili ulikuwa mzito. Kesho yake Mama Ngabu ananingoja njiani, mikono kiunoni.

"Patron, jana Aleluya ilienda wapi?"

"Nilichoka, mama."

"Ulichoka! Mimi nawasha moto nikikusikia. Jana watoto wameenda masomoni na njaa juu yako."

Kumbe nilikuwa nimeshakuwa saa ya watu! Tangu hapo ningelalaje? Mvua ikinyesha, nasikia ndani ya kichwa watoto wa Mama Ngabu wanalia chai. Natoka.

Motisha yangu haikutoka moyoni. Moyo wangu ni mvivu. Ilitoka kwa watu waliokuwa wananingoja.

Upande wa kula, aliyenisaidia ni mke. Yeye ni wa Bule, na Bule wanalima. Akaleta kabeji, maharagwe, karoti. Samaki akachemsha na nyanya, mafuta ya mawese akayaficha. Bugali wangu akaupima na ngumi yangu: ngumi moja, basi. Na nyumba nzima ilikula hivyo hivyo. Alisema chakula cha mgonjwa kikipikwa peke yake kinapata ladha ya ugonjwa.

Tumbo likashuka. Soksi zile zikatoka. Nikakanyaga jiwe, nikasikia uchungu, nikafurahi kama mjinga.

Ndipo maneno yakaanza. Bunia kukonda hakuna sababu nzuri. Wengine wakasema butiki imeanguka. Wengine wakasema ni ule ugonjwa mpya wa kukondesha, wakaacha kunipa mkono. Na wengine wakatuma habari Mahagi: yule mwanamke wa Bule anamuua kidogo kidogo.

Dada yangu mkubwa, Yaya Akelo, akafika na mbuzi. Yeye ndiye alinilea baba alipokufa. Mke wangu si wa kabila letu, na Yaya hakuwa amelisahau hilo hata siku moja.

Akaniangalia suruali inavyoshikwa na kamba. Akalia. Kisha akaingia jikoni, akamtoa mke wangu, akapika mwenyewe. Akaweka mbele yangu bugali mlima, mbuzi, mafuta yanang'aa.

"Kula, nione."

Nikakata kiasi cha ngumi yangu. Nikala. Nikanawa.

"Ile ingine?"

"Imetosha, Yaya."

Akamgeukia mke wangu. "Umemufunga mpaka mudomo! Kesho jioni utafunga vitu vyako, urudi kwenu. Mutoto wa mama yangu hatakufa na mimi naona."

Wakuu, sijawahi kumjibu Yaya. Siku ile nilijibu. Nikasema akiondoka huyu, na mimi naondoka. Yaya akasema hiyo ndiyo dawa aliyonilisha inasema.

Usiku ule hakuna aliyekula tena.

Asubuhi nikatoka kama kawaida, na roho nzito. Nilijua nikibaki, watoto watakosa chai. Yaliyotokea nyuma yangu niliambiwa baadaye.

Mke wangu alimwamsha Yaya. "Shemeji, kuja uone ile ninamufanyia bwana yangu." Akampeleka kwa Mama Ngabu, pale ninapopita nikirudi toka mtoni, juu ya mteremko.

Nikatokea chini, napanda, naimba. Nikamwona Yaya amesimama na kitenge cha kulalia. Nikafikiri nikate wimbo. Sikukata. Nikaanzisha kwa nguvu.

Mama Ngabu akaitika. Wenye ndoo wakaitika.

Yaya akamuuliza Mama Ngabu: "Anatoka wapi?"

"Toka kwenu mpaka mutoni, na kurudi. Mwaka ule mwingine hata kanisani alikuwa anaenda na gari."

Yaya akasogea njiani. Nilipomfikia akanishika kifua na kiganja, kama anavyoshika mtoto mwenye homa. Moyo ulikuwa unapiga sawa.

"Mugonjwa hawezi kupanda huku akiimba," akasema. Si kwangu. Kwa mke wangu. "Shemeji, nisamehe. Na umufundishe kuimba, anatuaibisha."

Wimbo ulikuwa haujaisha. Nikatupa mstari, na Yaya Akelo akaitika Aleluya, sauti yake ile ya Mahagi inayovuka bonde. Ile nyama ya mbuzi iliyobaki tukawapa majirani.

Somo langu ni fupi, elimu yangu pia ni fupi. Usikimbie kwa siri, mtu wa siri anaacha kwa siri. Tafuta mmoja tu atakayeuliza ulikuwa wapi jana. Na kile mnachokula, kuleni nyumba nzima.

Nyinyi nani anawangoja asubuhi? Andikeni hapa chini, hata wenye kunicheka. Nitasoma yote, polepole.

Nilicho nacho leo: nyumba moja ya matofali hapa Shari. Butiki moja, anaiendesha mwanangu Ukumu. Shamba la kabeji Bule. Ng'ombe wanne. Kamionete hapana, niliuza. Miguu miwili, vidole vyote. Mke, yule yule.