Kutembea Nyuma ya Mama Mkwe

Njia ya kutoka Malaba kupanda Angurai si njia ya kumtesa mtu. Unafuata bonde, mto ukiwa mkono wa kushoto, mihogo na wimbi mkono wa kulia, na ardhi inainuka bila kukuambia. Ukigeuka ndio unashtuka kwamba Uganda yote umeiacha huko chini. Wajawazito wanaitembea. Wazee wanaitembea huku wanasokota tumbaku. Lakini katika njia zote nilizopita maishani, na nimepita nyingi, hakuna iliyonichosha kama hiyo, kwa sababu niliambiwa niitembee polepole.

Mimi ni mtu wa Mundika. Shule niliacha darasa la pili, kwa hivyo mkiona nimerukaruka hapa na pale mnisamehe, ndivyo kichwa changu kinavyokwenda, na miguu pia. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli mpakani, leo Busia, kesho Malaba. Ng'ambo ya Uganda sukari ilikuwa imepotea, sabuni imepotea, na chumvi watu walikuwa wanaitaja kama jamaa aliyekufa. Sisi wa baiskeli tulikuwa hatupumziki. Wenzangu walichoka, wakalala. Mimi sikuweza. Nilikuwa na ugonjwa wa miguu, si wa kuuma, wa kukosa kutulia. Nikikaa kwa kiti goti linaruka lenyewe. Mke wangu alikuwa anaweka mkono juu yake, linanyamaza. Akiondoa mkono, linaanza tena.

Siku moja nilitoka asubuhi kwenda Bumala kutafuta spoki. Spoki zilikuwako Busia, hata karibu zaidi, lakini niliona heri Bumala. Huko nikapata abiria wa kwenda mbele, na huko mbele nikapata mwingine. Niliporudi nyumbani nilikuta jivu la jikoni limepoa na kuku analala juu yake. Mke wangu alikuwa amechukua leso zake na sufuria moja, amekwenda kwa nyanya yake huko milimani.

Nikaenda kwa baba mkwe, ambaye boma lake lilikuwa karibu na Malaba. Nilimkuta nje, mguu wake mmoja umevimba, ameuweka juu ya kigoda kama mgeni.

"Nyanya yake amesema hatasikia neno lako mpaka binti yake afike," akaniambia. "Na binti yake huyo ni mke wangu. Na mzigo wa kumpelekea mzee ni mzito."

"Nitabeba mimi, baba."

"Utabeba. Yeye atatangulia. Wewe utafuata nyuma."

Hapo nieleze kidogo kwa wale ambao hawajui. Kwetu na kwao, jambo hili ni moja: mwanamume hatazamani na mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ndiyo inashikilia nyumba. Mkikutana uso kwa uso watu watasema ndoa imejiharibu yenyewe, msichana abaki kwao. Na yangu ilikuwa tayari inachechemea.

"Lakini njia siijui," nikasema.

"Utafungiwa njia. Penye njia panda ataweka tawi la majani kwa ile ambayo si yako. Ukiona mgongo wake, simama."

"Nisimame mpaka lini?"

"Mpaka usiuone." Mzee akacheka mpaka akaushika mguu wake. "Wewe umezoea kupita watu na kengele. Leo hakuna kengele."

Basi nikaacha baiskeli pale, nikabeba chumvi, sukari, sabuni, blanketi la nyanya, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mama mkwe alikuwa ametangulia na kikapu chake.

Jamani, yule mama alikuwa anatembea. Sijui niseme vipi. Kila boma alisalimia, na salamu za watu wa kule hazina mwisho: watoto, ndama, mvua, jino la nani lilitoka. Mimi niko nyuma ya mti, jua linanichoma, kuku ananinyea mkononi, nasikia sauti yake kwa mbali ikiuliza habari ya ndama ambaye hamjui. Nikifikiri ameondoka natoka, naona leso yake pale, narudi mbio kwa mti.

Mwanamume mmoja alipita na jembe begani, akaniangalia.

"Wewe mwenye kuku, umekuwa mti?"

"Mama mkwe yuko mbele."

"Aa. Basi ota mizizi polepole, usituharibie njia."

Tulikwenda hivyo asubuhi nzima. Bonde likaanza kuwa jembamba, nyumba zikahama kutoka kwa udongo zikaenda juu kwa mawe. Watu wa kule wanajenga katikati ya miamba, nyumba ya mviringo imeegemea jiwe kama mtoto ameegemea mama yake, ghala la wimbi limesimama kando kwa miguu yake minne. Nikiwa peke yangu ningependa kutazama. Lakini mtu anayengoja haoni kitu. Anaona tu mahali ambapo hajafika.

Matawi niliyakuta. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa, mbichi bado. Halafu nikafika penye njia panda nyingine, moja inapanda kwenye maboma, nyingine inateremka kando ya maji, na hapakuwa na tawi. Palikuwa na mbuzi. Alikuwa amesimama katikati anatafuna, akanitazama, nikamtazama. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi miguu ilikuwa imeshachagua ya chini, kwa sababu ilikuwa tambarare na haina watu wa kusalimiwa.

Nilitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikafika kwa kijito kinachoingia mtoni, ile njia ya juu nayo inateremkia hapo hapo, pana mti mmoja mkubwa umelazwa juu ya maji kuwa daraja. Nikavuka. Ng'ambo kuna njia panda tena, na hakuna tawi, hakuna hata mbuzi. Ndipo nikaelewa kwamba niko mbele yake. Nikageuka haraka nirudi nikajifiche upande ule mwingine, nikapanda juu ya ule mti wa daraja, na nilipoinua macho mama mkwe alikuwa katikati ya daraja, kikapu kichwani, ananitazama usoni.

Hakupiga kelele. Alishusha kikapu, akajifunika leso kichwani, akageuka, akakaa palepale juu ya mti. Na mimi nikageuka, nikakaa. Mgongo kwa mgongo, mzigo katikati yetu, maji yanapita chini.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Ulipita wapi?"

"Kule chini."

"Kule chini nilifunga."

"Sikuona tawi, mama. Niliona mbuzi."

"Huyo mbuzi alikuwa anakula nini?"

Nikafikiri. "Majani."

Mti ukaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, amejiziba mdomo na leso.

Alipomaliza akasema, "Basi tumeshaharibu, wacha nikuulize. Huko unakokwenda kila siku, kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Ni pombe?"

"Kidogo. Si sana."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nikifika nataka kutoka."

"Na ukiwa nyumbani?"

"Hivyo hivyo."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Msichana aliniambia, ingekuwa ni mwanamke ningejua napigana na nani. Sasa ni barabara, nitaishika nywele zake wapi? Akasema, mimi sitaki mtu wa kuniletea sukari. Nataka mtu nikimwambia kaa, anakaa."

Kuku ndiye aliyejibu.

"Sikiliza," akasema. "Shuka upande wako, tazama mwamba, nipite. Nitawaambia mkwe wao yuko mbali sana nyuma, kwamba leo sijaona hata kivuli chake. Chini ya boma kuna jiwe kubwa jeusi. Kaa hapo mpaka uitwe. Ukitokea mapema watajua tumekutana, na mama yangu si mtu wa kuombwa mara mbili. Msichana hatarudi."

"Nikae mpaka lini, mama?"

"Mkwe," akasema, "hilo swali ndilo lililotuleta hapa."

Nikashuka, nikaweka uso kwa mwamba mpaka nikasikia hatua zake zimeisha. Kutoka hapo kila tawi nililolikuta lilikuwa limewekewa jiwe juu yake, mbuzi asiliondoe. Haya yote sikuwahi kumwambia mtu mpaka mama mkwe alipokwenda zake kaburini, na sasa naandika kwa sababu hakuna wa kuaibika isipokuwa mimi, na mimi nimezoea.

Nililipata jiwe. Nikakaa kwenye majani chini yake. Boma lilikuwa hapo juu, karibu kabisa; nilisikia jiwe la kusagia likienda na kurudi, nikasikia salamu, vicheko, halafu sauti ya mke wangu ikiuliza, "Na yeye?" Sikusikia jibu.

Goti likaanza. Nikaweka mfuko wa chumvi juu yake. Likaendelea na chumvi yake. Mbele yangu bonde lote lilikuwa wazi, njia inateremka yenyewe, mtu anaweza kuiachia miguu tu, kabla ya giza yuko Malaba, baiskeli iko pale. Nilisimama. Nikajiambia naenda kutazama tu njia. Nikakumbuka spoki, na Bumala, na kwamba huko pia nilikwenda kutazama tu. Nikakaa.

Mvua ya milimani haibishi hodi. Ilikuja kutoka kwa mlima, ikapiga miamba, nikainamia sukari na chumvi, nikaficha kuku kwapani, nikajifunika blanketi la nyanya ambalo halikuwa langu. Hakuna aliyeita. Mvua ikapita. Hakuna aliyeita. Jiwe la kusagia likaanza tena hapo juu kana kwamba hakuna mtu duniani anayengoja.

Halafu mke wangu akateremka na mtungi kichwani. Aliniona akasimama.

"Mama amesema uko mbali nyuma."

"Niko hapa."

"Umefika saa hii?"

"Kabla ya mvua."

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? "Inuka," akasema.

Nikainuka. Akashusha mtungi, akainama mahali nilipokuwa, akapitisha kiganja juu ya majani. Pande zote yalikuwa yanachuruzika maji. Pale yalikuwa yamelala, makavu, bado yana joto. Alikaa ameinama kitambo, kiganja kimebaki pale, kama anavyofanya mtu akitafuta yai chini ya kuku.

"Ulikaa," akasema.

"Nilikaa."

Akaokota mtungi wake. "Kaa tena. Naenda majini. Nikirudi tutapanda wote, na katika huo mzigo utaniachia mimi blanketi, maana umeliharibu."

Akateremka kuelekea kijitoni. Kwenye kona akakutana na mama mmoja anapanda na kuni, nikamsikia anaanza salamu: watoto, mvua, ndama. Nikakaa. Goti likaanza kuruka, na mkono wake haukuwa karibu, nikaweka wangu.