Makalio ya Kajetani Yaliposa kwa Kijerumani

Makalio ya Kajetani yaliandika meseji ya Kijerumani, ukoo ukaisikia, akapewa mke.

Msicheke kwanza. Tulieni.

Ni miaka ile simu zinaanza kumwagika Songea. Kajetani alikuwa anauza suruali za mitumba pale Majengo. Safari moja ya Dar kufuata marobota akarudi na simu ambayo mtaa mzima haukuwahi kuiona. Ina vitufe vya herufi zote, A mpaka Z, kama mashine ya kuchapa.

Wenzake wakitaka S wanabonyeza saba mara nne. Yeye anagusa mara moja tu, dole gumba hili, dole gumba lile, meseji ndefu imeondoka. Alitamba, nawaambia.

Ubaya wake, vitufe havikuwa na kifuniko. Usipovifunga, chochote kikivigusa kinaandika.

Sasa, Kajetani alikuwa amekufa ameoza kwa Hilda wa Bombambili. Baba yake, Mzee Fransisko, alishaikataa posa mbele ya watu: "Simpi binti yangu mchuuzi asiye na shule!" Washenga wakabembeleza, akakubali kuwasikiliza Jumapili, mara ya mwisho.

Ujanani mzee huyo alifanya kazi karakana ya misheni, chini ya Wajerumani. Akiwa kilabuni alijigamba anakijua Kijerumani chote. Nani abishe, wakati hakuna mwingine anayekijua?

Jumamosi Kajetani akaanza kumwandikia: "Shikamoo baba, mimi ni Kajetani." Mara mteja huyo, akaitia simu mfuko wa nyuma bila kuifunga. Jioni akapanda baiskeli, suruali imembana, njia mashimo matupu. Kila pedeli, herufi. Kila shimo, neno zima. Likaja shimo kubwa kuliko yote, meseji ikaenda.

Aliposhuka akasoma alichotuma: "Shikamoo baba, mimi ni Kajetani hggschtt pfrrn wwschk..." na kuendelea, ndefu hiyo.

"Nimekwisha," akasema.

Jumapili sebule ya mzee imejaa, Kajetani naye kaketi nyuma ya washenga. Mzee akampa dada yake, shangazi Kunegunda, simu aisome meseji kwa sauti. Shangazi akajaribu mara mbili.

"Kaka, hii lugha gani? Inanikwama kooni!"

Watu wote wakamgeukia mzee.

"Kijerumani," akasema.

"Ehee! Si unakijua? Tutafsirie basi."

Mzee akavaa miwani. Akakohoa. "Anasema... ananiheshimu sana. Anasema... lile shamba langu la bondeni atalilima msimu mzima. Peke yake."

Vigelegele! Mchuuzi gani huyu, kumbe msomi!

"Ni kweli umeandika hivyo, mwanangu?" shangazi akauliza.

Kajetani akamwona Hilda akichungulia mlangoni, macho yamemtoka. Aseme ukweli, kwamba yaliandika makalio?

"Ni kweli, shangazi. Neno kwa neno."

Basi akalima. Jamani, alilima! Viganja vilivyozoea kukunja suruali vikajaa malengelenge. Simu yenyewe ikawa inalala imezimwa, maana dole gumba lilishavimba, likigusa kitufe kimoja linabonyeza vitatu.

Ndoa ikafungwa baada ya mavuno. Siku moja mkwe na baba wanapukuchua mahindi, Kajetani akashindwa kuvumilia.

"Baba, nisamehe. Ile meseji sikuandika mimi. Yaliandika makalio, nikiwa kwenye baiskeli."

Mzee alicheka mpaka gunzi likamponyoka. "Unadhani mimi nilielewa? Kijerumani changu ni salamu na matusi ya fundi mkuu, basi!"

"Sasa Hilda ulinipa kwa nini?"

Mzee akaokota gunzi lake. "Aliniambia bila wewe haolewi. Akawa hali chakula, ananipita tu humu ndani kama hanioni. Iliniuma. Lakini nilishakataa mbele ya watu, ningerudi vipi nyuma? Makalio yako yakaniokoa, mwanangu."

Kajetani machozi yakamlengalenga. Kumbe siku ile sebuleni waongo walikuwa wawili, na wote wakimtetea Hilda.

"Ile simu bado unayo?" mzee akauliza.

"Ninayo, baba."

"Itie mfukoni ukaendeshe baiskeli. Shamba la mlimani bado halijaguswa."

Funzo, wadau: kabla hujakaa, funga vitufe. Ukisahau, omba Mungu akupe mkwe anayeona aibu kusema sijui.