Mama Kufuli hakufungua mlango

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla basi la kwanza halijaingia getini, mwanamke mnene mwenye aproni ya buluu anatembea kwa magoti. Anafuta viti vya chekechea. Viti vyenyewe ni vifupi mno. Mtu mzima akiviinamia mgongo unamkatika. Kwa hiyo yeye hupiga magoti na kusogea navyo, kimoja baada ya kingine, huku akijisemea.

"Hiki cha yule mng'ataji," anasema. "Hiki cha yule anayelia akiona mjusi. Hiki cha bosi."

Bosi ana miaka minne.

Akimaliza anajivuta na kusimama. Anashika kamba iliyo shingoni mwake, anautazama ufunguo unaoning'inia, kisha anaurudisha ndani ya blauzi. Wenzake humtania kwamba hulala nao. Hakatai.

Hapa ni shule ya kimataifa ya kutwa, inayofundisha mtaala wa Kimarekani. Wanafunzi ni watoto wa mainjinia, wafanyabiashara na maofisa wa balozi. Wanaletwa asubuhi, wanarudi kwao mchana. Wanapima urefu kwa futi, na historia wanayosoma ni ya nchi ambayo wengi wao hawajaikanyaga. Ada ya mtoto mmoja kwa mwaka ingemjengea mama huyu nyumba na choo chake. Akiambiwa hivyo hucheka.

"Sasa nikasirike? Wenyewe bado wanavaa viatu kinyume."

Yeye ni msaidizi wa mwalimu wa chekechea. Shule nzima, kuanzia walinzi hadi mkuu wa shule, inamwita Mama Kufuli. Jina hilo hakuzaliwa nalo wala hakuolewa nalo. Alilipata mchana mmoja tu, na mchana huo nusura umtoe kazini.

Kabla ya kuja hapa alikuwa mfanyakazi wa ndani. Siku moja mwanamume alibisha getini akasema yeye ni shemeji wa mwenye nyumba. Aliyajua majina ya watoto. Alijua hata jina la mbwa. Mama huyu akamfungulia, akamkalisha sebuleni, akaenda jikoni kumchukulia maji ya kunywa. Aliporudi na glasi hakukuta shemeji wala televisheni. Jioni ile ile aliambiwa afungashe.

"Sikulia kwa ajili ya kazi," anasema. "Nililia kwa sababu nilimwita shemeji, na nikamtafutia glasi nzuri."

Nyumbani hali haikuwa ya kuchezea. Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti, na macho yalikuwa yameanza kumwasha. Leo anafanya kazi, kesho anashinda kitandani na kitambaa cha maji baridi usoni. Wana mabinti wawili na vyumba viwili vya kupanga. Kwa hiyo shule ilipomchukua kwa miezi mitatu ya majaribio, alishika kila alichoambiwa kama mtu anayebeba mayai.

Kiingereza alijifunza kwa watoto wenyewe. Ndiyo maana anakijua kile cha kumwamrisha mtu anawe mikono. Kuna siku alimuuliza mhasibu, mbele za watu, kama ameshakwenda kukojoa.

Shule za namna hii zina zoezi ambalo nyingi za hapa hazina. King'ora kikilia, watu wote wanajifungia madarasani kana kwamba kuna mtu mbaya ameingia uwanjani. Taa zinazimwa, mapazia yanashushwa, simu zinazimwa, watoto wanakaa chini mbali na mlango, kimya. Kengele ya kumaliza haipo, maana kengele anaweza kuipiga yeyote. Mkuu wa shule ndiye anayepita mlango kwa mlango na kufungua kwa ufunguo wake.

Mkuu huyo ni mgeni mrefu, mwenye upara, anayejua salamu za Kiswahili na si zaidi. Ndiye aliyemfundisha zoezi. Alimwambia, na akarudia, kwamba hata yeye mwenyewe akija akibisha asimfungulie, kwa sababu yule mtu mbaya anaweza kuwa amemshika shati kwa nyuma.

Mama wa watu akaliweka neno hilo moyoni.

Wiki ya mwisho ya majaribio yake, darasa la chekechea lilikuwa linapakwa rangi. Watoto walihamishiwa chumba cha muziki, nyuma ya maktaba. Ni chumba chenye madirisha ya juu na kuta nene, na kitasa chake kilikuwa kimebadilishwa baada ya gitaa kupotea. Ufunguo wa kitasa kipya alikuwa nao mwalimu wa muziki peke yake, na siku hiyo hakuwa na kipindi.

King'ora kililia muda mfupi kabla ya watoto kuchukuliwa. Mwalimu wa darasa alikuwa ametoka kwenda ofisini. Msaidizi akabonyeza kitufe cha kitasa, mlango ukajifunga, akazima taa, akazima simu, akawakalisha watoto nyuma ya piano.

Mkuu wa shule alipita madarasa yote. Alifungua pia chekechea, akakuta ngazi na makopo ya rangi, akafunga akaendelea na safari yake. Zoezi likaisha. Watu wakapumua, wakarudi kwenye shughuli zao. Chumba cha muziki hakuna aliyekikumbuka.

Humo ndani mama alikuwa anasimulia hadithi kwa mikono. Ngumi ilikuwa konokono, kiganja kilikuwa nyumba yake, na nyumba ilikuwa imepotea. Watoto walikodoa macho gizani bila kutoa sauti. Mmoja alibanwa, akasaidiwa kwa ndoo ya deki. Wengine wakasinzia, mmoja akiwa ameegemea ngoma.

Nje, wazazi walianza kuuliza watoto wako wapi. Mwalimu wa darasa, aliyebaki ofisini akidhani wameshafunguliwa, akashika kichwa, akakimbilia chumba cha muziki, akabisha. Akasema ni yeye, zoezi limekwisha zamani.

Mlango haukufunguliwa.

"Sauti yake naijua kama ya dada yangu," anasema Mama Kufuli. "Lakini shemeji naye alikuwa na sauti nzuri. Mimi nilikuwa nasubiri ufunguo."

Akaja fundi wa matengenezo, mtu wa utani. Akamwambia mlangoni kwamba chakula cha wafanyakazi kinaisha na sahani yake ameshaiwekea jicho. Hakujibiwa. Akaja mkuu wa shule na rundo lake la funguo, akajaribu moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoingia. Kwa mtu aliye gizani na watoto, kusikia mtu akihangaika na kitasa kwa funguo zisizoingia si habari njema. Mama akasukuma piano hadi mlangoni.

Mkuu akabisha. Akajitaja jina na cheo, akasihi. Ndipo kwa mara ya kwanza sauti ikatoka ndani, kwa Kiingereza cha chekechea, ikimwambia asubiri zamu yake.

Wazazi walikuwa wameshajaa kwenye ukumbi. Baba mmoja mwenye sauti ya spika, ndiye baba wa bosi, alisema mlango uvunjwe na huyo mwanamke aondoke leo leo. Fundi alikuwa ameshadandia pikipiki kwenda kumtafuta mwalimu wa muziki. Alimkuta bafuni. Alirudi naye akiwa na povu masikioni na ufunguo mkononi.

Kitasa kikazunguka. Piano ikavutwa. Wa kwanza kutoka alikuwa bosi, kidole mdomoni, akiwanyamazisha watu wazima wote ukumbini. Wakanyamaza kweli. Wenzake wakamfuata wakipepesa macho, wazima, mmoja tu analalamika kwamba hajajua konokono alipata nyumba au hakupata. Akina mama waliokuwa wanafoka wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Msaidizi alitoka mwisho, mkoba umeshaning'inia begani. Alijua safari imeiva.

Ofisini mkuu wa shule alisema kwa muda mrefu, uso mwekundu. Kwamba wazazi walipata hofu. Kwamba zoezi lina kiasi chake. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na mengi ya kujitetea, ila Kiingereza chake hakikuwa na maneno hayo. Kilikuwa na yale tu anayowaambia watoto wakikoseana, kwamba aliyekosa amwangalie mwenzake machoni na kuomba radhi.

"Nikamwambia, 'Ulitusahau. Niangalie machoni. Sema samahani.'"

Katibu aliyekuwa mlangoni anasema alifunga macho, akangoja radi.

Mkuu alijipapasa upara. Kisha akainuka kwenye kiti chake, akamwangalia mama machoni, akasema samahani, kwa Kiswahili, neno ambalo hakuna aliyejua kwamba analijua.

Baba wa bosi alikuwa anangoja nje. Mama alipomwona akaukaza mkoba begani. Lakini sauti ya spika ilikuwa imeshuka. Alimuuliza kitu kimoja tu: kama yeye, baba mtu, angebisha na kulitaja jina la mwanawe, angefunguliwa?

"Hapana, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akampa mkono, akaenda zake. Ijumaa ile mama alipewa mkataba.

Alipofika nyumbani na kueleza, mumewe alicheka hadi akavua kitambaa usoni ili ajifute machozi. Tangu hapo, akichelewa kurudi, hubisha na kusema, "Ni mimi, shemeji." Macho yake yana nafuu sasa. Daktari alimpatia miwani, na kazi za mageti zimerudi.

Shuleni kitasa kile kimebadilishwa tena, na kila msaidizi ana ufunguo wa chumba chake. Likija zoezi, mkuu wa shule huanzia chekechea. Chekechea kwanza, hata kama ni mbali, kisha dunia nyingine.

Mama Kufuli sasa anasoma ualimu wa chekechea kila Jumamosi. Anataka kufungua darasa lake dogo mtaani kwao, la watoto ambao mama zao huamkia kazini. Chumba ameshakiona. Viti atavifuta kwa magoti, ameshazoea. Geti atachomelea mumewe, la chuma, lenye tundu la kuchungulia.

Mgeni yeyote atakaribishwa, anasema, ila apige simu kwanza.

"Akija kubisha tu na kunitajia majina, atashinda nje."