Tulivyofuga Bahari Kyela

Siku ile tulikuwepo watu tisa kwenye baraza ya duka: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la tatu, mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ambaye shule alikuwa bado hajaanza, baba mdogo kutoka Mwaya, shangazi kutoka Ikolo, mwenye duka, mama yake ambaye mji mzima ulimwita Bi Mkubwa, na dereva wa lori na utingo wake. Mama yetu alikuwa na miaka miwili kaburini. Baba alikuwa na wiki tatu. Cherehani yake ilikuwa palepale barazani, imefunikwa gunia, maana ndiye aliyekuwa fundi nguo wa duka lile, na chumba cha nyuma ya duka ndicho tulichokuwa tunalala sote.

Nimeyakumbuka haya majuzi nilipopita Kyela mjini nikielekea harusini Katumba Songwe. Baraza ipo bado. Duka linauza simu. Nilisimama, nikanunua vocha ambayo sikuihitaji, nikaondoka. Ukiniuliza nilihisi nini, nitakwambia ukweli kwamba sikuhisi kitu. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Miaka ile yote naikumbuka hivyo, na labda ndiyo sababu naikumbuka vizuri.

Kikao cha siku ile kilikuwa cha kutugawa. Baba mdogo alitaka mdogo wangu wa kiume, kwa sababu mpunga wake ulikuwa unaliwa na ndege. Shangazi alimtaka yule wa mwisho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita, nikaambiwa nitatafutiwa nyumba ya kufanya kazi Mbeya. Walisema bila ubaya. Walikuwa watu wa kwetu, wana watoto wao, na chakula kilikuwa kilekile. Ndugu wa mto mmoja hawapotezani, alisema shangazi. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

Hapo ndipo lori lilipofika kutoka Mbeya, likashusha tangi la kioo refu kama jeneza la mtoto, madumu kumi na mawili ya maji, mfuko wa mchanga mweupe, na ndoo zenye mawe yaliyofungwa kwa magunia mabichi.

"Mzee, mzigo wako unanuka," utingo alimwambia mwenye duka.

"Hiyo ni bahari."

"Basi imeoza, Mzee."

Lazima nikueleze. Ile ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu alikuwa anaruhusiwa kuuza kila kitu. Mwenye duka alikuwa mtu wa pwani, alikuja na marobota ya mitumba akatajirika. Mwaka mmoja kabla ya siku ile alimleta mama yake kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia na huko kwao hakuwa amebaki na mtu. Bi Mkubwa hakuzoea. Alikaa ameelekea ukuta. Mwanawe alimpeleka ziwani Matema afurahi, yule mama akachovya kidole majini, akakiramba, akasema, "Hili ni dimbwi. Kubwa, nakubali, lakini dimbwi." Basi mwenye duka aliposikia kuna mtaalamu wa Kizungu Mbeya anarudi kwao na anauza vyombo, akanunua tangi lake la samaki, taa yake ndefu na mashine yake ya kupuliza hewa, kisha akaagiza jamaa zake wampakilie bahari kwenye treni.

Wakati wazee wanaendelea kutugawa, niliambiwa nioshe mchanga. Nikauosha kwenye beseni, nikamwaga, nikauosha tena. Bi Mkubwa alikuwa kwenye mkeka wake karibu.

"Nani huyo anayeosha?" akauliza. "Wenzake wangeosha mara mbili wakaacha. Huyu anangoja maji yawe safi. Huyu abaki anitunzie bahari yangu."

Nikasema, bila kuinua kichwa, "Nikibaki mimi, na hawa wanabaki."

Baba mdogo akacheka. "Haya, mmeona? Kifaranga kinampa mwewe masharti."

Mwenye duka alilitazama tangi, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Chumba mtakaa maadamu hivi vitu viko hai. Vikifa, chumba nakitaka niweke mitumba."

"Ndaga," baba mdogo akasema, kushukuru, huku akitafuta baiskeli yake. "Mimi sina haraka. Mawe yakifa nitakuja kumchukua kijana wangu."

Hivyo ndivyo nilivyoacha shule. Vitabu vyangu nilimpa mdogo wangu wa kiume.

Wiki za kwanza hapakuwa na samaki hata mmoja. Jamaa wa pwani, mzamiaji, alikuwa ameandika barua: wekeni mchanga, wekeni mawe, washeni hewa, mkae mngoje, msiweke kiumbe mpaka harufu iishe. Mawe yalikuwa matumbawe, yana matundu matundu. Maji yakawa kama maziwa. Kisha kioo kikafanya utando wa rangi ya chai, kisha kijani. Watu waliokuja kununua sukari walichungulia. "Mwenye duka anapika supu ya mawe," walisema akina mama wa sokoni, na mmoja akaongeza, "Waswahili hawa wakipata pesa hawajui pa kuiweka." Mimi nilikuwa naifuta ile kijani kwa kitambaa kila asubuhi, upande wa mbele tu, kama barua ilivyosema.

Halafu siku moja harufu ikaisha. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyeona, alikuwa ameweka pua yake kwenye kioo: ndani ya tundu la jiwe kulikuwa na kitu chenye miguu mitano kama nyuzi, kinanyoosha mguu mmoja nje na kuurudisha. Kilikuwa kimesafiri kwenye gunia bichi kutoka baharini hadi Kyela na hakikufa. Sikumwambia mtu, lakini nilikitazama sana.

Mzigo wa pili ulileta samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya kuokota, na tumbawe laini lililoota vidole vingi, ambalo likiudhiwa linafumba kama ngumi. Kazi ikawa na mpangilio wake. Asubuhi kufuta kioo. Mchana chakula: usipa mmoja mkavu, yaani dagaa wa ziwani, mmoja tu, unatwangwa hadi unga, unatiwa kwa ncha za vidole, maana ukizidisha maji yanaoza. Jumamosi kutoa dumu nusu la maji na kutia jipya la pwani. Umeme ulipokatika, na ulikatika karibu kila siku, tulichukua pampu ya baiskeli, tukaingiza mpira majini, tukapuliza kwa zamu. Mdogo wangu wa kiume alipuliza huku akikariri jedwali la kuzidisha. Saba mara nane ilimshinda muda mrefu.

Bi Mkubwa hakuwaona samaki ila kama cheche. Kila asubuhi alikuwa ananiita, "Njoo na bahari," nami ninampelekea kikombe, anachovya kidole, anaramba. Anatikisa kichwa. Kisha anakula. Wali na samaki mbasa wa nazi, au ndizi, chochote. Mwenye duka alikuwa anasimama mlangoni akihesabu matonge ya mama yake kwa macho.

Kosa lilianza wakati wa kiangazi. Joto la Kyela unalijua, linakaa chini kama mtu mzito. Maji ya tangi yakawa yanashuka vidole viwili kwa wiki. Madumu ya pwani yakachelewa. Mwenye duka akasema kitu ambacho kila mmoja wetu alikiona cha akili: maji yamepungua, basi na chumvi imepungua. Chukua maji ya kisima, tia chumvi ya dukani, jazia. Nikafanya alivyosema. Kila wiki nikatia maji ya chumvi mahali pa maji yaliyokwenda na jua.

Kufikia mwezi wa kumi na mbili lile tumbawe lilikuwa ngumi siku nzima. Kaa mmoja alitoka kwenye kombe lake akafa nje, uchi. Samaki mmoja akalala ubavu. Kwenye ukingo wa kioo kulikuwa na ukoko mweupe. Bi Mkubwa aliramba kidole akakunja uso, akasema, "Bahari ya leo ina hasira," akasukuma sahani. Mwenye duka akaagiza niongeze chumvi.

Baba mdogo alipita akichunguza kioo kama mnunuzi wa ng'ombe. "Yule aliyelala," akamwuliza mdogo wangu, "amelala au ndiyo hivyo?"

"Amelala."

"Haya. Alale. Ndege wa Mwaya hawalali."

Mdogo wangu hakula siku ile. Nilimwona anakunja shati lake la shule na kuliweka kwenye mfuko, kisha analitoa, kisha analiweka tena.

Kilichotuokoa kilikuwa sufuria la maharage. Niliyaacha jikoni yakakauka, nikayaonja, chumvi ikanipiga ulimi. Hapo nikakumbuka alivyokuwa akisema mama: mboga ikikauka haidai chumvi, inadai maji. Nikasimama na mwiko mkononi. Mvuke unaokwenda hauna chumvi. Mtu yeyote aliyepika anajua. Ila hakuna aliyelitazama lile tangi kama sufuria.

Sikumwambia mwenye duka. Nilijua angesema nini: bahari haitiwi maji ya mvua. Nikaanza kukinga mvua kwa beseni uani, nikawa natoa vikombe viwili vya maji ya tangi na kutia viwili vya mvua, asubuhi na jioni, taratibu, ili viumbe wasishtuke. Mdogo wangu alitengeneza chelezo kwa ganda la kalamu ya biki: ndani akatia sindano za cherehani zilizovunjika, akaziba kwa nta ya mshumaa, kikaelea wima. Tukakiweka kwenye maji ya dumu la mwisho la pwani, tukapiga alama kilipozama. Kwenye tangi kilisimama juu zaidi ya alama, karibu nusu ya kucha, maana chumvi ikizidi kitu huelea juu zaidi. Kila siku kikashuka kidogo.

Mwezi wa Ramadhani ulipoanza kilikuwa kimebakiza unywele. Bi Mkubwa alikuwa anafunga, kwa hiyo asubuhi hakuonja tena. Mimi, Mkristo wa Moraviani, ndiye niliyekuwa ulimi wake. Tumbawe lilikuwa limeanza kufungua, vidole vitatu, vinne. Samaki aliyelala ubavu alikuwa amekwisha kufa, lakini mwenzake alikuwa anakula.

Mwenye duka alinikuta mchana, beseni la mvua mkononi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Kumbe ni wewe. Miezi yote hii nasema bahari ya mama inakufa kwa nini, kumbe mtu anaijaza maji ya paa."

"Si ya paa, Mzee. Ni ya beseni. Chumvi ilikuwa imezidi."

"Umesoma hadi darasa la ngapi wewe?"

Mdogo wangu akaanza kueleza habari ya chelezo, mwenye duka akamnyamazisha kwa mkono. Akasema kesho atatuma mtu kwa baba mdogo. Niliweka beseni chini bila kumwaga hata tone. Nakumbuka niliona fahari kidogo kwa hilo, kwamba sikumwaga.

Bi Mkubwa aliinuka kwenye mkeka. Alikuja akipapasa ukuta, akakipapasa kioo, akashika kikombe changu kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari, akachota maji tangini. Tukadhani ataramba kidole ateme, maana kuonja na kutema hakuvunji funga. Alikunywa. Koo lake lilipanda na kushuka mara tatu, na maji mengine yakamtiririka kidevuni.

"Mama," mwenye duka akasema. "Umefungua."

"Nimefungua. Ningeonja nikatema, ungesema kizee hakijui kinachokionja." Akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani. "Nimezaliwa juu ya maji haya. Nilipokuwa mdogo nimeyanywa kwa pua na kwa mdomo. Haya ndiyo. Uliyokuwa unamwagiza huyu mtoto atie yalikuwa maji ya kuchumvia samaki."

"Lakini siku yako, Mama."

"Siku nitailipa. Hawa ukiwatawanya utawalipa na nini?"

Mwenye duka alitoka nje. Hakutuma mtu Mwaya, siku ile wala nyingine. Jioni alirudi na tende, akaniwekea tano kwenye sahani.

Tumbawe lilifunguka lote kabla ya Idi. Bi Mkubwa alisema ataifunga siku yake mvua zikipungua, akipata nguvu. Mvua za Kyela hazikupungua. Mto ulifurika, kifua kikambana, akafariki mwezi wa nne, na ile siku ilikuwa bado.

Mengine ni mafupi. Mwenye duka alituacha chumbani hadi mdogo wangu wa kiume alipomaliza la saba, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kupelekewa kikombe. Viumbe walikufa mmoja mmoja, kwa uzee au kwa kukatika umeme, sijui. Tangi nililiona baadaye sokoni limekuwa kabati la maandazi. Wadogo zangu wote wawili ni watu wazima wenye kazi, wanaishi mitaa miwili kutoka kwangu, na tukikutana Jumapili yule wa mwisho anasema hakumbuki samaki, anakumbuka pampu tu.

Mwaka uliofuata kifo cha Bi Mkubwa nilikwenda kwa maalimu wa msikiti, nikamwuliza kama mtu mwingine anaweza kumlipia marehemu siku moja ya funga. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema nilikuwa namtunzia maji. Akanijibu kwa upole kwamba deni lile ni la watu wake, la Mwislamu kwa Mwislamu, nisihangaike. Nilifunga hata hivyo, siku moja, bila kumwambia mtu, nikijua haihesabiki.

Mwenye duka sikumwuliza kama aliilipa. Nilipopata neno la kuanzia alikuwa amekwisha kurudi pwani, na barua sikujua niipeleke wapi. Kwa hiyo mimi naihesabu bado ipo, inadaiwa. Siku moja, kutoka alfajiri hadi magharibi.