Mama Taa na Tundu Lililokosewa

Saa mbili asubuhi, Mama Taa amepiga magoti mbele ya rundo la vyuma chakavu. Mkononi ana kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, na hicho ndicho kipimo chake. Anaokota kichomeo cha jiko la pampu, lile la mafuta ya taa ambalo siku hizi watu wameliacha. Anakilaza juu ya kifuniko, anafumba jicho moja, kisha anakirudisha rundoni.

"Dada, jiko ni jiko," muuza vyuma analalamika. "Tangu nifungue hapa unachagua kama unatafuta mchumba."

"Mchumba nisingemchunguza hivi," anajibu bila kuinua kichwa. "Mchumba akipungua kidogo utamvumilia. Hiki kikizidi kwa ukucha tu, taa si taa."

Cha kumi na saba ndicho kinachoenea. Mama Taa anakifuta kwa upindo wa kanga, anakinusa, anacheka peke yake. Muuza vyuma akiona kicheko hicho anajua bei imeshapanda, na Mama Taa naye anajua kwamba amejisaliti. Wanapatana hivyo hivyo.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba ni fundi majiko, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Lakini jina la Mama Taa hakulipata kwa majiko. Alilipata kwa taa moja iliyoonekana katika filamu moja, miaka thelathini na mitano iliyopita.

Waliokuwa watoto wakati ule wanaijua. Ni ile ya nahodha wa chombo cha angani anayezunguka gizani akiitafuta nyota iliyozimika, mkononi ameshika taa nyeusi yenye kitufe kimoja chekundu. Filamu yenyewe ilipigwa kwa fedha za kuungaunga. Chombo cha angani kilikuwa tangi la maji lililopakwa rangi ya fedha, na ukitazama kwa makini unaliona bomba. Hata hivyo runinga iliirudia kila likizo, watoto wakaipenda, wakakua nayo, na leo wana ajira na wanataka ile taa iwe kwenye rafu zao.

Kampuni iliyonunua haki za filamu imewasikia. Imetoa nakala mia tano zenye kibali, kila moja ina namba yake, sanduku lake na hati ya uhalali. Ni za plastiki safi. Ukibonyeza kitufe chekundu, kinawaka na kulia.

"Sizidharau," anasema Mama Taa, akitandika vipande vyake juu ya meza ya karakana. "Ni nzuri, hazichafui mkono, na mtoto akiiangusha haivunjiki. Ila aliyeitengeneza aliitazama taa kwenye runinga. Mimi niliishika ikiwa bado ya moto."

Vipande vilivyo mezani ni vitano. Gamba la taa ya mbele ya pikipiki. Kichomeo cha asubuhi. Springi ya kiti cha baiskeli. Mpini wa mbao wa pasi ya mkaa. Cha tano ni kifungo cha chuma, na hicho anakifunika kwa kiganja kila anapokikaribia.

Taa halisi ilitengenezwa katika karakana hii hii, kwa alasiri moja. Mama mmoja wa kikundi cha filamu aliingia amevaa viatu vyenye visigino vyekundu na akamwomba baba yake taa "ambayo haijawahi kuonekana duniani". Baba hakuuliza maswali. Aligeuka, akatazama kilichokuwa sakafuni, akaanza kuokota.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, ametoka shule, koti bado mwilini. Kazi yake ilikuwa kushika keke na kutoboa matundu matatu ya kufungia springi, mahali baba alipoweka alama kwa chaki. Alitoboa la kwanza, la pili, la tatu. Kisha, macho yakiwa kwenye vile viatu, mkono ukaendelea na kazi. Akatoboa la nne, katikati ya uso wa taa, mahali pasipo na alama yoyote.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. "Gamba lenyewe lilikuwa moja tu."

Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alichukua mkasi, akakata kifungo cha pili cha koti la binti yake, akaziba tundu nacho, akakikaza kwa ndani kwa waya wa shaba. Yule mama wa filamu alicheka, akatoa kichupa cha rangi ya kucha mkobani na kukipaka kifungo rangi nyekundu, kionekane kilikusudiwa.

"Baba akaniambia, 'Kesho utakwenda shule na vifungo vitatu, na mwalimu akikuuliza, mwambie cha nne kiko angani.' Nikamwambia mwalimu hivyo hivyo. Viboko nilivyokula siku ile, hata leo nikivikumbuka sikai vizuri."

Mwigizaji wa nahodha naye, alipokikuta kifungo pale usoni mwa taa, akakibonyeza. Hakuna aliyemtuma. Kuanzia hapo watazamaji wakaamini kile ni kitufe cha siri. Wapo wanaobishana hadi leo kama kilikuwa cha kuita msaada au cha kurudisha saa nyuma, na kampuni ikakitilia taa ndogo na mlio.

Kuhusu tundu hilo Mama Taa hakumwambia mtu miaka yote hiyo. Kwanza kwa aibu ya mtoto, kisha kwa mazoea. Baba yake alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na mwishoni mwa filamu jina lake halimo. Pameandikwa tu kwamba vifaa vilitengenezwa na kikundi. Hilo ndilo linalomuuma, na halifichi.

"Dereva wao ametajwa," anasema. "Aliyewapikia chai ametajwa. Baba yangu, hakuna."

Alianza kutengeneza taa za kuuza baada ya mazishi, akitumia vipande vilevile vya asili. Akauza thelathini na moja. Ndipo ikaja barua ya wakili wa kampuni: umbo la taa lina mwenyewe, na yeye hana kibali. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaacha kuuza taa siku hiyo hiyo. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa anauza vipande peke yake, vimefungwa kwenye gazeti, na mnunuzi anakwenda kujiundia ya kwake nyumbani.

"Wakili mwenyewe nilimpigia simu nikamuuliza, kichomeo cha jiko nacho kina mwenyewe? Akaniambia nisimchokoze."

Kwa mwezi anauza vifurushi kumi hadi kumi na vinne, na vinamletea karibu theluthi ya kipato chake. Sehemu iliyobaki bado inatoka kwenye majiko. Karo ya mtoto wake wa mwisho anailipa kwa vichomeo, na analisema hilo kwa majivuno.

Mteja wake mkubwa ni daktari wa meno aliyestaafu. Sebuleni kwake ana rafu tatu za vifaa vya filamu, vyote vya kununua, vyote vina hati. Vumbi haligusi kitu pale. Mwaka jana alinunua kifurushi cha kwanza, akaungua vidole viwili kwa lehemu, na tangu hapo zile rafu ameanza kuzitazama kwa jicho lingine.

"Zile nilizinunua, hii nimeizaa," anasema huku akiionyesha taa yake iliyopinda kidogo upande wa kushoto. Mkewe anaikubali, ila ameomba isikae sebuleni.

Daktari huyo ndiye aliyeleta habari, miezi miwili iliyopita. Jumba la maonyesho lilikuwa linaandaa chumba cha filamu ile, na mjane wa mwongozaji alikuwa ameitoa taa kutoka stoo, chini ya mapazia ya zamani. Lakini mtaalamu aliyeletwa na kampuni aliikataa. Sababu yake ilikuwa moja: kitufe hakikuwa na waya wa umeme. Akasema hiyo ni ya kughushi, na kwamba kampuni iko tayari kutoa nakala namba moja, bure, pamoja na kibao chenye jina la kampuni.

Msimamizi wa jumba alimpa Mama Taa nusu saa. Ikipita, nakala ya plastiki ingeingia kwenye kabati la kioo, na ile taa ingerudi chini ya mapazia na jina la baba pamoja nayo.

Mama Taa alifika na bisibisi moja, Daktari nyuma yake, na mama yake mzazi wa miaka sabini na tisa, ambaye hakualikwa na mtu. Bibi huyo alikuwa amekumbatia kopo la biskuti.

"Shikamoo bibi," msimamizi akasema. Ni binti wa miaka thelathini hivi. "Hilo kopo ni la nini?"

"Marahaba mwanangu. Wewe fanya kazi yako, la kopo litakuja."

Taa ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Mama Taa hakuigusa kwanza. Anakiri kwamba ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka.

Mtaalamu alikuwa kijana mstaarabu mwenye glavu nyeupe. "Mama, tatizo ni hili," akaeleza kwa upole. "Kwenye filamu nahodha anabonyeza. Kwa hiyo nyuma ya kitufe lazima kuwe na waya. Hapa hakuna."

"Upo," Mama Taa akamjibu. "Ila si wa umeme."

Alikunjua masikio manne ya bati yaliyoshika kitako cha taa, polepole, yasikatike. Daktari akatoa mfukoni kile kioo kidogo chenye mpini alichotazamia meno ya watu kwa miaka arobaini, akakiingiza ndani, na mtaalamu akainama kutazama.

"Sema unachoona," Mama Taa akamwambia.

"Naona tundu... limetobolewa mshazari. Na waya wa shaba. Umesokotwa mara tatu."

"Kwenda upande gani?"

"Kushoto."

"Baba alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Na hilo tundu ni langu. Nililitoboa kwa makosa."

Mama Taa akausokotoa waya kwa kucha, kifungo kikamwangukia kiganjani, akakigeuza bila kukwangua hata chembe ya rangi. Nyuma ya kifungo zilikuwepo herufi tatu za jina la shule yake ya msingi.

Hapo ndipo bibi alipofungua kopo. Limejaa vifungo vya miaka hamsini, vya mashati, magauni na makoti ya watoto sita. Kidole chake kilizunguka humo, kikatoka na kifungo cha chuma, kisha kingine, kisha cha tatu. Herufi zilezile tatu.

"Koti lilikwisha, vifungo sikutupa," bibi akasema. "Siku zote nilijua kuna kimoja kimepotea. Huyu aliniambia kimedondoka njiani."

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na miwili!"

"Na ulikuwa mwongo."

Mtaalamu alivua glavu zake. Aliomba kukishika kifungo, akakitazama mbele na nyuma, kisha akaanza kucheka mpaka akalazimika kukaa. Kampuni yake ilikuwa imetengeneza taa mia tano zenye mlio kwa ajili ya kifungo cha koti la mwanafunzi. Aliandika ripoti yake pale pale mezani, kwamba taa ni halisi, na chini yake akaweka sahihi.

Chumba cha maonyesho kitafunguliwa mwezi ujao. Nakala yenye kibali nayo itakuwemo, nje ya kioo, watoto waibonyeze wapendavyo. Mama Taa ndiye aliyeshauri hivyo. Jumamosi zote atafundisha palepale, watu kumi kwa zamu, kila mmoja akijiundia taa ya kwake kwa vipande vya jikoni na gereji. Kampuni imekubali kwa maandishi, mradi taa hizo zisiuzwe. Vichomeo tayari ameshakusanya arobaini na viwili.

Jana jioni jumba lilimtumia karatasi yenye maneno ya kibao ili ayahakiki. Ameisoma kwa sauti, amesimama mlangoni mwa karakana, mama yake akiwa ameketi kwenye kigoda. Mstari wa kwanza ni jina la baba yake, maneno mawili, kwa herufi kubwa. Hapo anaanza upya. Mstari wa pili unasema: "Fundi majiko. Ndiye aliyetengeneza taa hii, akisaidiwa na binti yake mwenye umri wa miaka kumi na miwili."

Amechukua kalamu. Baada ya "miwili" ameongeza kwa mkono: "ambaye alikosea tundu moja."

"Umemaliza?" mama yake anauliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Soma tena."

Anasoma tena, toka juu mpaka chini. Bibi anasikiliza hadi mwisho, anatikisa kichwa, anaweka kopo lake sawasawa mapajani.

"Na kifungo," anasema, "nani alikinunua?"

Mama Taa anaigeuza karatasi, anatafuta nafasi pembeni, na kuanza kuandika jina la mama yake.