Dungu la Upande wa Jua

Kama uliishi Ifakara katikati ya miaka ya tisini na suruali yako ikakukaa vizuri kiunoni, yawezekana kabisa ilipita mikononi mwa Yosefina. Alikuwa fundi wa nguo nyuma ya soko, mwanamke mwenye mabega mapana na kicheko kilichokuwa kikisikika mpaka kwa wauza samaki. Polio ilimkuta angali mdogo kule kwao Namawala, ikamwachia miguu isiyobeba kitu. Ndiyo maana cherehani yake ilikuwa ya mkono, ya kuzungusha kwa mpini, na ndiyo maana barabarani alikwenda na baiskeli ya matairi matatu, nayo ya kuzungusha kwa mikono. Ukimsalimia kwa kumpa mkono ulipaswa kujiandaa, maana alikuwa na mkono wa kukamua.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na chumba chake, wateja wake, na jirani yake Brigita aliyeuza vitumbua na kumletea habari za mji mzima kabla chai haijapoa. Na alikuwa na timu yake. Lumemo Nyota haikuwa timu kubwa, tusidanganyane. Ilifungwa mara nyingi, wakati mwingine na timu ambazo hazikuwa na viatu. Lakini jezi zake zilikuwa nadhifu kuliko za wengine wote bondeni, kwa sababu klabu ilikuwa ikinunua fulana tupu na Yosefina akizishonea namba kwa kitambaa cheupe. Namba nane yake ilikuwa na kiuno. Namba saba yake ilisimama wima kama askari kwenye gwaride.

Sasa hapa pana jambo la ajabu, na mtu asiyemjua Yosefina hawezi kuliamini. Mama huyu aliyezijua namba zote za Lumemo kwa vidole vyake hakuwa amewahi kuuona mchezo wao hata mmoja mpaka ukaisha. Kwenda alikwenda. Hakukosa mechi. Kuona ndiko kulikomshinda.

Uwanja wao ulizungushiwa uzio wa matete, ili wasiolipa wasichungulie. Mlango wake ulikuwa mwembamba kwa makusudi, watu wapite mmoja mmoja mbele ya mkata tiketi. Baiskeli ya matairi matatu haikupita. Basi kila mechi vijana wawili walimwinua mzobemzobe, mmoja makwapani, mwingine miguuni, wakamwingiza huku kanga ikimpanda na yeye akiishikilia kwa meno. Baiskeli ilibaki nje kama punda aliyefungwa. Halafu mkata tiketi alikuwa akisema, "Wewe mama pita tu, hulipi," kana kwamba amemfanyia sherehe.

Mzee Melkiori, mwenyekiti wa klabu, alikuwa mtu mwema, mwema mpaka anakera. Yeye alimwona Yosefina akiingizwa hivyo akasikitika, akaamuru awekwe meza kuu, penye kivuli na kitambaa cha maua na chupa za soda, pamoja na wageni wa heshima. Ukiwa pale ulikuwa unaona nusu ya uwanja, maana mgeni rasmi na wapambe wake walikaa mbele. Hilo Yosefina angelivumilia. Kilichomshinda ni kwamba meza kuu haipigi kelele. Siku refa alipoinyima Lumemo penalti ya wazi, Yosefina alimpigia ukelele mmoja tu, na mgeni rasmi akajimwagia soda kwenye suruali.

"Mwanangu," Mzee Melkiori akamnong'oneza, "hapa ni mezani."

"Basi nitoeni mezani, Mwenyekiti. Nipelekeni upande wa jua, kwenye ngoma."

Wakampeleka. Upande wa jua ndiko walikokuwa mashabiki wenyewe, wale wa kuimba na kutukana. Makoye, Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia bondeni na kuipenda Lumemo kuliko wazawa, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma huko. Yosefina akafurahi sana, kwa dakika chache. Mpira ulipokaribia lango watu wote wakasimama, naye akabaki chini akitazama migongo. Akajua goli limeingia kwa sababu migongo iliruka. Akajua limekataliwa kwa sababu migongo ilinyong'onyea. Brigita alijaribu kumsimulia, lakini Brigita na mpira walikuwa mbalimbali. Akaulizwa nani kafunga, akajibu, "Yule mweusi mweusi hivi." Uwanja mzima ulikuwa na watu weusi weusi hivi.

Ikawa hivyo msimu baada ya msimu. Akirudi nyumbani alikuwa akicheka na kusema leo migongo ilicheza vizuri. Alicheka, lakini iliuma. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia Brigita hivyo siku moja, sindano ikiwa mdomoni: kwamba anatamani aione Lumemo ikifunga goli, kwa macho yake, akiwa miongoni mwa watu wake, mara moja tu, halafu hata ikishuka daraja poa.

Mwaka ule mavuno yalipoisha alikwenda Namawala kumwona mdogo wake Venance, aliyebaki na shamba la familia. Mpunga ulikwisha kukatwa. Katikati ya mabua lilisimama dungu la zamani, kile kichanja kirefu cha miti ambacho watu hukaa juu yake kuamia ndege wasile mpunga. Yosefina alikulia pale. Wenzake walipokwenda kuchota maji na kutafuta kuni, bibi yao alisema huyu miguu hana ila mapafu anayo, akampa kazi ya dungu. Alfajiri alikwea vipandio kwa mikono, jioni akashuka kwa mikono, na katikati alipiga kelele. Kama umewahi kuona kundi la kwelea likishuka kwenye mpunga ulioiva, utaelewa ni kelele za namna gani. Sauti iliyommwagia soda mgeni rasmi ilifunzwa hapo.

"Ngoja nipande," alimwambia Venance.

"Dada, utaanguka. Umezeeka."

"Nani kazeeka? Shika kanga zangu."

Akapanda. Mikono ilikuwa haijasahau. Juu akaketi akipumua, milima ya Udzungwa mbele yake na bonde lote chini, na pale kwenye mabua watu wa kijiji walikuwa wakicheza mpira wa jioni, waliooa dhidi ya wasiooa. Yosefina akatazama. Akatazama kwa muda mrefu mpaka Venance akamwita mara mbili bila kujibiwa. Kumbe mpira una umbo! Kumbe wasio na mpira nao wanakimbia, na wanajua wanakokwenda! Alikuwa akidhani mchezo ni kitu kinachoruka juu ya vichwa vya watu. Sasa aliuona wote kwa mpigo, kama kitambaa kilichotandazwa mezani kabla ya kukatwa.

Alipolia, Venance alidhani ameshindwa kushuka.

"Sijashindwa," alisema. "Venance, ling'oe hili dungu. Ulilete mjini."

"Dada! Si la marehemu bibi hili?"

"Bibi hana ndege wa kufukuza tena. Mwakani utajenga jingine, miti ipo."

Kulipata dungu ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa Mzee Melkiori. Yosefina alikwenda kumwona ofisini kwa klabu, yaani kwenye baraza la duka lake, mechi na watu wa Malinyi ikiwa imekaribia. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mavuno alimweleza. Mzee akakuna kidevu. Akasema wazo ni zuri, ila watu watasemaje? Watasema klabu imempandisha mtu asiyejiweza kwenye miti kama kunguru.

"Asiyejiweza nani, Mwenyekiti? Hiyo suruali uliyovaa nani kaipunguza?"

Mzee akaitazama suruali yake. Akasema basi, likijengwa lijengwe karibu na meza kuu, na vijana wawili wakae chini tayari kumbeba, na juu liwekwe kiti chenye mto. Alikuwa amekwisha kuona picha nzima kichwani mwake, masikini, na picha ilikuwa ya wema mtupu.

"Sitaki mto," Yosefina akasema. "Nataka upande wa jua, karibu na ngoma. Na sitaki wa kunibeba."

"Mwanangu, hilo kamati itabidi ikae kwanza."

"Ikae. Mimi pia nimekaa. Kwenye jezi mpya nimefika namba tano. Sita mpaka kumi na moja bado zipo kwenye kikapu, na naona zinapenda kubaki humo."

Mzee Melkiori aliwaza timu yake ikitoka kuwapokea Malinyi nusu ina namba na nusu haina. Kamati ilikaa palepale, yeye peke yake, ikapitisha.

Siku ya mechi, asubuhi, Makoye alileta dungu kwa mkokoteni wa ng'ombe, Venance ameketi juu ya miti. Walipofika mlangoni, ng'ombe wakagoma. Mlango ulikuwa mwembamba mno kwa pembe zao. Mkata tiketi hakusita hata kidogo. Akaita watu, wakang'oa vipande viwili vya uzio, wakavilaza pembeni, ng'ombe wakapita wakitafuna.

Yosefina alikuwa nyuma yao kwenye baiskeli yake. Alisimama pale kwenye uwazi akiutazama.

"Ehe," akasema. "Miaka yote mimi nabebwa kama gunia. Ng'ombe wamekuja leo, uzio umeng'oka bila kikao."

Mkata tiketi akatazama chini. Akasema, "Kweli mama, hatukufikiria." Na ilikuwa kweli, hawakufikiria, hakukuwa na ubaya zaidi ya huo.

"Usirudishe," Yosefina akamwambia, akapita kwa matairi yake matatu bila kugusa upande wowote. Kisha akarudi nyuma, akalipa kiingilio, akapita tena. Ile mara ya pili alipita polepole zaidi.

"Mayu," Makoye akamwambia kwa Kisukuma chake, ndiyo kusema mama, "sasa hata ng'ombe wangu watakuwa mashabiki."

Saa kumi jioni uwanja ulikuwa umefurika. Dungu lilisimama nyuma kidogo ya ngoma, bila paa, limefungwa kwa kamba mpya. Yosefina akaisogeza baiskeli mpaka kwenye vipandio, akashika cha kwanza. Vijana wawili, wale wale wa siku zote, wakanyoosha mikono.

"Toeni mikono hiyo!"

Wakaitoa. Akapanda, kipandio kwa kipandio, miguu ikining'inia, mabega yakifanya kazi yake, na Brigita chini akimwita Bikira Maria kwa majina yote anayoyajua. Alipofika juu Makoye aliipiga ngoma mpaka watu wa meza kuu wakageuka. Mzee Melkiori alisimama akapunga kofia. Yosefina naye akampungia. Hakuwa na kinyongo na mtu.

Sitakusimulia mechi nzima, ila jua kwamba Lumemo walizidiwa kipindi chote cha kwanza. Jua pia kwamba Yosefina aliona yote. Aliziona namba zake zikikimbia, ile nane yenye kiuno ikiwa imejaa vumbi, ile tatu ikianza kubanduka pembeni kwa sababu aliishona akiwa na haraka, na akajilaumu. Kipindi cha pili akaona kitu ambacho huku chini hakuna aliyekiona. Anselim, namba saba, alikuwa akikimbia na mpira pembeni, na beki wa Malinyi alikuwa akimnyatia kwa nyuma kama kwelea anavyounyatia mpunga. Yosefina hakufikiri. Ile sauti ya Namawala ilitoka yenyewe.

"Hoooya! Anselim! Nyuma yako!"

Uwanja mzima uliruka. Anselim aliruka pia, beki akapita mtupu, akaanguka. Mbele ya Anselim palibaki kipa na nyavu.

Upande wa jua wote ukasimama, kama kawaida yake. Watu wazima kwa vijana, kofia juu, mikono juu, migongo tele. Lakini safari hii migongo ilikuwa chini yake. Aliuona mguu wa Anselim ukirudi nyuma. Aliuona mpira ukiondoka, kipa akienda upande mwingine kabisa, na nyavu zikitikisika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua goli limeingia kabla ya mtu yeyote kurukaruka. Akapiga kelele, akalia, akapiga kelele tena akiwa bado analia. Brigita huko chini aliuliza nani kafunga, na Yosefina akamjibu kwa jina.

Watu wakaanza kukaa. Hapo ndipo sauti ya mwanamume ikasikika nyuma ya dungu, kali, ya mtu aliyelipa kiingilio chake.

"We mama wa juu! Hebu sogea huko! Mgongo wako umetuziba, hatuoni kitu!"

Yosefina akageuka. Alikuwa baba mmoja mwenye kofia ya mkeka, mgeni pale, amesimama juu ya mkokoteni wa Makoye, shingo ameinyoosha kama bata. Watu wa karibu wakaguna, mmoja akataka kumkaripia kwamba haoni huyo ni mtu wa namna gani. Yosefina akawanyamazisha kwa mkono. Maishani mwake alikuwa ameitwa masikini wa Mungu, na asiyejiweza, na pole mama, na pita tu hulipi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amemziba.

"Samahani sana, baba," alisema, na furaha ilikuwa imemjaa. "Sikujua."

Akasogea pembeni kama jirani mwema. Yule baba akaridhika, akashusha shingo. Halafu Lumemo wakapata kona, ngoma ikaanza tena, na Yosefina akajivuta taratibu, akarudi palepale katikati, akamziba.